Koki Kwenye Pipa la Mvua: Maji ya Kunawa Hata Pampu Inapozimika

Katika zahanati na vituo vingi vya afya vilivyo mbali na mtandao wa maji wa mji, mvua ni neema inayoshuka moja kwa moja juu ya paa. Mabati huikinga, mfereji huipeleka kwenye pipa lililosimama kando ya ukuta, na pampu ndogo ya umeme huyapandisha maji hadi kwenye tangi la juu, ambamo hushuka kwa uzito wake yenyewe mpaka kwenye sinki la chumba cha kujifungulia. Mpango huu hufanya kazi vizuri mpaka umeme ukatike. Tangi la juu likiisha, sinki hukauka, na mtu hufanya jambo ambalo lingefanywa na yeyote kati yetu: hutoka nje, hufunua pipa, na kuchota kwa kikombe, kwa kata, au kwa chombo chochote kilicho karibu.

Makala haya yanahusu namna ya kuliacha pipa hilo limefunikwa. Kinachohitajika ni tundu moja, koki moja na vipande vichache vya mpira. Gharama yake ni ndogo kuliko ya pampu yenyewe, lakini mahali inapowekwa koki hiyo panahitaji kufikiriwa kwa makini, kwa kuwa koki iliyowekwa mahali pasipofaa huzimika pamoja na umeme.

Tuanze na kikombe. Maji yanayotoka mawinguni hayana vimelea vya kinyesi. Vimelea hupatikana juu ya paa, ndani ya mfereji, na zaidi ya yote katika mkono wa mchotaji. Jambo hili lilionyeshwa waziwazi nchini Malawi mwaka 1993, katika kambi ya Nyaminthuthu iliyohifadhi wakimbizi kutoka Msumbiji. Maji ya visima vya kambi yalikuwa na bakteria wachache sana yalipochotwa, lakini yalizidi kuchafuka kadiri yalivyokaa nyumbani, na chanzo kikuu kilikuwa mikono ya wanakaya. Watafiti waliwapa baadhi ya kaya ndoo yenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, ili mkono usiweze kuingia ndani. Katika ndoo hizo wastani wa bakteria wa kinyesi ulikuwa chini kwa asilimia 69, na kuhara miongoni mwa watoto walio chini ya umri wa miaka 5 kulipungua kwa asilimia 31. Takwimu hiyo ya pili ilikuwa kwenye mpaka wa uhakika wa kitakwimu, na ni haki kulisema hilo. Ile ya kwanza haina utata. Visima vilikuwa vilevile na watu walikuwa walewale. Kilichobadilika ni chombo.

Pipa la zahanati ni chombo cha namna hiyohiyo, ila ni kubwa mara kumi na huguswa na watu wengi zaidi, wakiwemo waliotoka kumhudumia mgonjwa wa kuhara.

Sasa, koki iwekwe wapi? Fundi aliyezoea bomba la mji atapendekeza kuiunga kwenye bomba linalotoka kwenye pampu, kwa sababu hapo maji yana presha na kazi ni nyepesi: unakata bomba, unaweka kiungo cha njia tatu, unafunga koki. Ushauri wangu ni kuukataa utaratibu huo. Koki iliyo mbele ya pampu hutoa maji pale tu pampu inapofanya kazi, yaani hutoa maji wakati ambao sinki pia linayo. Zaidi ya hayo, kama pampu ni ya aina inayojiwasha yenyewe presha inaposhuka, koki inayodondoka tone moja moja huiwasha na kuizima pampu usiku kucha, na mota hiyo haitadumu.

Koki ifungwe kwenye pipa lenyewe, ubavuni, karibu na sehemu ya chini. Hapo haihitaji umeme. Maji yatatoka kwa uzito wake, usiku na mchana, mradi yamo ndani.

Lakini maneno hayo ya mwisho yana mtego, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Pampu isiyowekewa mpaka hunyonya pipa mpaka tone la mwisho. Umeme ukikatika baada ya pampu kumaliza kazi yake, na maji ya tangi la juu yakatumika, pipa nalo litakuwa tupu, na koki yetu nzuri itakuwa pambo la ukutani. Kwa hiyo mdomo wa bomba la kunyonyea uwekwe juu zaidi ya koki, si chini yake. Kwa namna hiyo pampu itachukua maji ya juu ya pipa na kuacha ya chini, na yale yaliyobaki yatakuwa akiba isiyoweza kufikiwa na mashine.

Tuipime akiba hiyo. Pipa la kawaida la lita 200 lina kipenyo cha takriban sentimita 58, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo chake hubeba takriban lita 2.6. Tuseme koki imefungwa sentimita 10 kutoka chini, ili tope lililotuama lisitoke nayo, na mdomo wa kunyonyea umewekwa sentimita 40 kutoka chini. Tofauti ni sentimita 30, sawa na karibu lita 80. Ikiwa kunawa mara moja kutatumia lita 1, hizo ni mara 80 ambazo mkunga na wasaidizi wake wanaweza kunawa usiku wa giza bila kufunua pipa. Kituo chenye wajawazito wengi kinaweza kuamua kuinua mdomo huo hadi sentimita 50; kile chenye pipa la pili hakihitaji. Uamuzi huu si wa fundi peke yake. Mganga mfawidhi na muuguzi wa wodi ya wazazi wakae na fundi kabla kazi haijaanza, kwa maana wao ndio wanaojua maji huadimika saa ngapi.

Pampu inayonyonya hewa huungua. Kwa hiyo swichi ya boya, ile inayoelea na kuzima mota maji yanaposhuka, irekebishwe izime kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa kunyonyea. Pampu ya kuzamishwa ndani ya pipa nayo iinuliwe juu ya kitako imara au ining'inizwe kwa kamba yake maalumu, kamwe isining'inizwe kwa waya wa umeme.

Kabla ya kushika keekee, chunguza historia ya pipa. Mapipa ya buluu yanayouzwa mitumba yamebeba mambo mengi: mafuta ya kula, sharubati, sabuni, na wakati mwingine viuatilifu vya mashambani. Plastiki hunywa sehemu ya kile kilichokaa ndani yake na kukirudisha polepole. Pipa ambalo muuzaji hawezi kueleza lilibeba nini, au linalotoa harufu ya dawa baada ya kuoshwa na kuanikwa, lisitumiwe kwa maji ya kunywa wala ya kunawa, hata liwe rahisi kiasi gani.

Siku ya kazi, pampu ichomolewe kwenye umeme. Kuizima kwa swichi hakutoshi. Pipa litolewe maji na kulazwa. Kifaa kinachotakiwa ni kile kiungo cha tanki ambacho kina meno ya mzunguko, ambayo mafundi huyaita thredi, nati kubwa, na washa mbili za mpira, moja ya ndani na moja ya nje. Kosa linalojirudia ni kutoboa tundu kwa kufuata jina la kifaa. Koki iitwayo ya nusu inchi ina kipenyo cha nje cha takriban milimita 21, ambacho ni kikubwa kuliko nusu inchi halisi, na kiungo cha tanki kinachoipokea ni kinene zaidi. Pima kiungo chenyewe kwa rula, chora duara, kisha toboa kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye keekee. Mahali palipopinda sana au penye mstari wa kiungio cha plastiki paepukwe, kwa kuwa mpira hautalala vizuri. Kingo za tundu zisuguliwe kwa msasa mpaka ziwe laini, na vumbi la plastiki litolewe lote, la sivyo litaingia kwenye pampu.

Wapo wanaotoboa tundu dogo, wakaikaza koki moja kwa moja kwenye plastiki, kisha wakapaka gundi ya silikoni kuzunguka. Hilo litavuja. Ukuta wa pipa una unene wa milimita chache tu, hautoshi kushikilia thredi, na silikoni haigandi sawasawa kwenye plastiki ya aina hiyo. Baada ya majuma machache ya jua hubanduka kama ngozi iliyoungua. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa pande zote mbili. Nati ikazwe kwa mkono mpaka ifike, halafu robo mzunguko kwa spana. Ukikaza zaidi, mpira utatoka nje ya mahali pake. Koki ndiyo ifungwe baadaye kwenye kiungo, ikiwa imezungushiwa tepu nyeupe ya thredi.

Pipa lenye mdomo mpana huruhusu mkono kuingia na kushika kiungo kwa ndani. Lile lenye vizibo viwili vidogo haliruhusu, na hapo mafundi wa mtaani wana ujanja wao mzuri: hupitisha uzi mgumu kutoka kwenye tundu jipya mpaka uchomoze kwenye kizibo, huuvisha kiungo na washa yake ya ndani, kisha huuvuta uzi taratibu mpaka kiungo kichomoze ubavuni chenyewe. Nimependa kulitaja hili kwa sababu wengi hulikata pipa juu ili kupata nafasi ya mkono, na kwa kufanya hivyo hulifungulia mlango mbu na vumbi.

Aina ya koki nayo ina maana yake kitabibu. Presha ya maji ya pipa ni ndogo: kila mita moja ya kimo hutoa takriban sehemu moja ya kumi ya bar, ambapo koki nyingi za kisasa zimetengenezwa zikitarajia bar moja au zaidi. Koki ya kubonyeza inayojifunga yenyewe huenda ikatoa utepe mwembamba tu. Inayofaa ni ile inayofunguka kwa kuzungusha mkono wake robo duara na kuacha njia nzima ya maji wazi. Tena achagua yenye mkono mrefu. Mhudumu hufungua koki kwa mkono mchafu; akiifunga kwa vidole vilivyokwisha kunawa, amerudisha alichokiondoa. Mkono mrefu hufungwa kwa kiwiko. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kuwa kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60, na ni wazi kwamba maji hayahitaji kutiririka muda huo wote: yalowanishe mikono, yafungwe kwa kiwiko, sabuni ifanye kazi, kisha yafunguliwe tena kwa kusuuza.

Jengo la kuliinua pipa lisichukuliwe kirahisi. Pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 200, na watoto hucheza mahali ambapo mama zao husubiri kliniki. Kitako cha matofali ya saruji chenye kimo cha sentimita 50 hutosha kuweka ndoo chini ya koki. Kiwe kipana kuliko pipa, kisawazishwe, na pipa lifungwe ukutani. Chini ya koki pachimbwe shimo dogo la kokoto ili matone yanywewe na ardhi.

Dimbwi si suala la usafi wa macho tu, na hapa historia yetu wenyewe ina la kutufundisha. Ugonjwa wa chikungunya ulielezwa kitabibu kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, na jina lake limetoka katika Kimakonde, likimaanisha kupinda kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Uwanda huo ni adimu wa maji ya juu ya ardhi, na watu wake walilazimika kuyahifadhi nyumbani. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza chikungunya na homa ya dengi, hupenda maji ya aina hiyohiyo: yaliyotulia, yenye kivuli, karibu na watu. Milipuko ya dengi iliyoikumba Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 ilisambazwa naye. Katika joto letu, yai lake huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, na mayai yaliyogandamana kwenye ukuta wa pipa juu kidogo ya maji hustahimili ukavu kwa miezi mingi. Kumwaga maji peke yake hakuyaondoi. Ukuta wa ndani usuguliwe kwa brashi kila pipa linaposafishwa, mfuniko ukae, na kila njia nyingine, yaani mahali mfereji unapoingilia na bomba la kumwagia maji ya ziada, izibwe kwa wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 1.

Kuhusu ubora wa maji yenyewe, kanuni ya kwanza ni kuyaacha maji ya mwanzo wa mvua yapite. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo nusu milimita ya kwanza juu ya paa la mita 40 za mraba ni lita 20, ndoo moja kamili, na ndoo hiyo ndiyo hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege na mijusi. Itengwe. Baada ya hapo, mvua ya milimita 10 juu ya paa hilo hilo, hata tukitoa moja ya tano inayopotea, huleta lita 320, zaidi ya ujazo wa pipa zima.

Pipa likishafungwa koki, lisafishwe kwa klorini mara moja kabla ya kutumika. Dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, ina takriban miligramu 35 za klorini katika kila mililita. Mililita 285 zake katika lita 200 za maji hutoa miligramu 50 kwa lita. Yakae usiku mzima, kisha yamwagwe yote kupitia koki ili nayo isafishwe, mbali na bustani ya mboga.

Kwa matumizi ya kila siku sioni busara ya kutia klorini katika pipa zima, kwani mvua ya jioni itabadilisha hesabu yote. Maji ya kunywa yachotwe kwa koki kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki yake ndogo, kisha yatiwe dawa humo. Maji maangavu huhitaji miligramu 2 kwa lita, yaani miligramu 40 kwa ndoo, takriban mililita 1.1 ya dawa ile ya asilimia 3.5, bomba la sindano lisilo na ncha hupima kiasi hicho vizuri kuliko kijiko. Maji yenye ukungu yachujwe kwa kitambaa safi na kupewa kipimo mara mbili. Subiri dakika 30. Kwa dawa zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya kunywa, maelekezo ya kwenye chupa ndiyo yafuatwe, maana nguvu zake hutofautiana.

Wagonjwa wanaotumia mapipa ya namna hii nyumbani wazingatie mambo machache zaidi. Maji ya mvua hayana chumvi nyingi na yana asidi kidogo, hivyo huweza kuyeyusha risasi iliyomo katika baadhi ya koki za shaba nyeupe. Koki ya plastiki iliyotengenezwa kwa maji ya kunywa ni salama zaidi, na penye ya shaba, maji yaliyolala ndani yake usiku yamwagwe kwanza. Mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, au mama anayetengeneza maziwa ya mtoto mchanga, achemshe maji hata kama pipa ni jipya. Mwenye kidonda asikioshe kwa maji ya pipa yasiyotibiwa. Upande mwingine, kwa familia zilizoko Arusha, Kilimanjaro na Manyara, ambako visima vingi vina floridi inayozidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita na kuyafanya meno ya watoto yawe na rangi ya kahawia, maji ya mvua hayana tatizo hilo, na yafaa kuwekewa mtoto anayekua kabla ya mtu mzima.

Bomba la maji ya mvua lisiunganishwe kamwe na lile la mamlaka ya maji, hata kwa koki ya kufungia katikati. Presha ya mji ikishuka, maji ya paa yanaweza kunyonywa na kuingia katika mtandao wa jirani. Waya wa pampu upite juu, upitie kifaa cha kukata umeme unaovuja, na kazi hiyo afanye fundi umeme mwenye leseni, kwa kuwa mtu anayefungua koki husimama mahali penye unyevu akiwa na mikono iliyolowa.

Mara kazi ikikamilika, jaza pipa mpaka juu, kausha kiungo kwa kitambaa, na uzungushie karatasi ya chooni. Kesho yake asubuhi, karatasi ikiwa kavu, zima pampu kwa makusudi, tumia maji ya tangi la juu mpaka sinki likauke, kisha nenda nje ufungue koki ya pipa na uhesabu ndoo zinazojaa kabla maji hayajakatika. Hesabu hiyo iandikwe ukutani, juu ya sinki la chumba cha kujifungulia.